Mkanda Unaosema Sifuri

Watu wa Ikombelo hawaumwi. Niulizeni mimi, nimewauliza miaka thelathini. Mtu anaingia hapa zahanati amejikunja, kiuno amekishika kwa mikono miwili, jasho linamtiririka na nje kuna baridi ya kutafuna mifupa. Unamuuliza habari za mgongo, anakujibu, "Nzuri tu, dada, sijui za kwako." Kisha anakaa, anavuta pumzi, anauliza habari za watoto, za mvua, za shangazi yako wa Kyela, na akishaumaliza ukoo mzima ndipo anasema, "Ila mgongo unanisumbua kidogo." Hicho kidogo ndicho kimemtembeza saa tatu kwenye matope.

Jumatatu ile niliamka nimechoka. Kazi ilikuwa haijaanza, kwa hiyo siwezi kuisingizia. Nina miaka hamsini na nane na bado nawainua watu wazima kutoka sakafuni, basi, hakuna la ajabu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Subilaga. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka, magoti ameyakunja, mkanda umemkaa kiunoni, wiki yake ya tisa.

"Pandisha kiuno," mkanda ukasema. Una sauti ya mwanamke mpole ambaye hajawahi kubeba kitu chochote. "Shikilia. Moja. Mbili. Tatu."

Zoezi hilo tunaliita daraja, na ni la kale kuliko mimi. Zamani, kabla mikanda haijaletwa, nilikuwa napitisha kiganja chini ya mgongo wa mgonjwa ili nijue ni misuli gani inafanya kazi na ipi imelala. Mgongo ukiuma muda mrefu, misuli ya ndani hulala, ile ya nje ikabeba mzigo wote, na hapo ndipo mtu anakuwa mbao. Siku hizi mkanda ndio unaoiamsha kwa umeme mdogo mdogo. Unasoma ngozi, unasikiliza pumzi, una kijicho kwenye kifungo chake kinachotazama uso, na kutokana na hayo unaamua wenyewe kama mtu apande hatua au abaki. Hatua ni kumi na mbili, kila wiki moja: Jumatatu unapima, Jumatano mgonjwa anarudia. Kuanzia ya kumi unakaza na kuvuta nyonga iachane na mbavu huku mgonjwa ameinua mzigo. Kwa mgongo uliopona ni dawa nzuri sana.

"Hatua ya tisa imekamilika," ukasema. "Maumivu: sifuri. Bi Subilaga, unakubali?"

"Nakubali."

Swali hilo ni la sheria. Neno la mgonjwa liko juu ya mkanda. Akikataa, mtaalamu, yaani mimi, anafuta namba ya mkanda na kuandika ile aliyoitaja mgonjwa. Ni sheria nzuri, aliyeitunga Mungu ambariki, ila kwa miaka mitatu sijaona aliyekataa. Nani atabishana na mashine iliyomwita Bi?

"Ndaga fijo," Subilaga akaushukuru mkanda, kwa adabu zote. Akainuka, na alipopiga hatua nikasikia vidole vya mguu wa kushoto vinaburuza mkeka.

"Subilaga, hebu tembea kwa visigino mpaka dirishani."

Kisigino cha kulia kikakanyaga vizuri. Unyayo wa kushoto ukaanguka, pwaa, kama kandambili iliyokatika.

"Tena."

"Sakafu inateleza, dada."

"Sakafu ya saruji, mdogo wangu, na imepigwa ufagio. Kaa hapa. Fumba macho. Nikikugusa juu ya unyayo, useme."

Akafumba. Nikachukua kalamu nikaishika mkononi, sikumgusa popote.

"Hapo," akasema. "Na hapo tena."

Nilikaa kwenye kiti changu. Kuna neva inayotoka chini ya mgongo, kati ya pingili mbili za mwisho, ikashuka mpaka kwenye vidole. Ikibanwa kidogo inawaka moto. Ikibanwa zaidi inanyamaza. Mtu anaweza kudhani amepona kumbe mguu unakufa, na ukishakufa, zinafuata haja ndogo na haja kubwa, akawa hajui tena lini zinamtoka. Na Jumatatu ijayo mkanda ungeanza kumvuta.

"Unaumwa," nikasema.

"Siumwi. Mkanda si umesema?"

Niwaambie anachokitafuta, msije mkamwona mpumbavu. Subilaga ni mjane wa miaka arobaini na saba, ana mistari ishirini na miwili ya chai kwenye mteremko wa Isyonje. Kanuni ya Ushirika wa chai inasema mwenye shamba asiyeweza kuchuma kwa mikono yake, mistari yake inaingizwa kwenye mzunguko wa mashine. Mashine hizo watu wanaziita nzige. Zinapita mara moja, na kichaka kilichokuwa kinakupa majani mawili na chipukizi kinabaki fimbo. Mistari ikishaingia kwa nzige hairudi, hakuna aliyewahi kurudishiwa. Ushirika ulimpa mpaka mwisho wa mwezi, na unachosubiri ni mkanda useme mzima. Maumivu yakizidi tano, jibu linakwenda lenyewe wilayani na kwa Ushirika, hata mimi siwezi kulizuia.

Alifunga kanga, akaniaga vizuri, akaondoka anaburuza.

*

Mchana ule ule nikampigia Ambakisye, fundi anayeitunza mikanda ya mkoa mzima. Anakaa Mbeya mjini, kijana mwenye heshima ila ana ubishi wa mafundi.

"Mama, mkanda haukosei," akasema. "Unajua ulichofundishwa."

"Na ulifundishwa na nani?"

Kwenye kioo cha meza nikamwona anakuna kidevu.

"Na wewe, mama."

Ni kweli, na nilikuwa nimesahau. Miaka mitatu nyuma mikanda ilipoletwa, ilikuja inajua migongo ya watu wa mbali, ikawa inapiga kelele kila mtu akikohoa. Wakaamua ifundishwe na watu wa hapa. Nikapewa wagonjwa mia nne. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mgonjwa anafanya zoezi, mimi nauliza inauma ngapi, anajibu, mimi nabonyeza namba, na mkanda unajifunza kwamba ngozi ya namna ile na pumzi ya namna ile maana yake ni namba ile. Kazi ya mwezi, tuliifanya kwa siku kumi na mbili.

"Niwekee nisikie," nikamwambia.

Akaweka. Nikasikia sauti yangu, changa kidogo, na yenye haraka. *Inauma, baba?* Pumzi ikazuiwa. *Hapana, mama, endelea.* *Haya, vizuri.* Halafu tik, kidole changu kwenye sifuri. Mwingine. *Inauma?* Meno yanasagana, unayasikia kabisa. *Haiumi, nashukuru.* Tik. Mwingine, mwanamke, anaguna ndani ya koo mpaka nikataka kuziba masikio. *Nzuri tu, dada.* Tik.

Nilisikiliza arobaini hivi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mzima.

Mimi nimezaliwa hapa. Najua jibu la kwanza la mtu wetu ni salamu, na shida huja baadaye, ukimpa nafasi. Kwa mgonjwa wangu wa kawaida ningesubiri. Lakini siku zile walikuwa thelathini na tano kwa siku, foleni imefika barabarani, nikachukua jibu la kwanza nikabonyeza. Nikaufundisha mkanda kwamba mtu aliyezuia pumzi na kusaga meno ni mtu asiyeumwa. Mikanda mia mbili mkoa mzima imejifunza hivyo, na kadiri mtu anavyovumilia ndivyo inavyomvuta.

"Nikiandika ripoti," Ambakisye akasema taratibu, "itazimwa yote, wakubwa wakae vikao."

"Vikao vya mwaka."

"Miwili. Na kuna watu inawasaidia kweli, mama, unawajua. Ni bora tuifundishe upya kwanza, ripoti niipeleke nikiwa na dawa mkononi. Inatosha mtu mmoja, maswali mia tatu, mradi awe na mgongo mbovu na aseme kweli tangu la kwanza mpaka la mwisho. Unaye mtu kama huyo?"

"Mbovu ninao wengi," nikasema. "Wa kusema kweli sina."

*

Jumanne asubuhi nikampandia Subilaga shambani. Nilimkuta katikati ya mistari, tenga mgongoni, ukungu umemfika kiunoni. Hakutakiwa kuchuma kabla ya kupona, ila alikuwa anajaribu vidole, alisema. Tulisalimiana kama inavyopasa. Akauliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Akauliza habari za mgongo wangu, maana alinisikia ninavyohema kupanda.

"Mzuri tu," nikasema.

Nilisimama pale na kile nilichokisema. Mgongo wangu mimi umeharibika mwaka wa kumi na moja huu. Usiku nalala na mto katikati ya magoti, asubuhi navaa viatu nimeegemea ukuta. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata kusema tu? Nilikuwa nimepanda mlima ule kumkemea mtu kwa jambo nililolifanya kabla sijapumzika.

Nikamweleza yote. Namna nilivyoufundisha mkanda vibaya, mguu wake unakokwenda, na kwamba nakusudia kuufundisha upya leo leo. "Ukiuvaa kesho utasema kweli. Nimekuja kukwambia kabla, usije ukasema nilikuvizia."

Alitua tenga chini. Alikuwa amekasirika.

"Dada, nimevumilia wiki tisa. Ungeniachia tatu tu."

"Hizo tatu ndizo zitaua mguu."

"Mguu ni wangu."

"Ni wako."

"Nikilala nyumbani na mguu mzima, shamba limeliwa na nzige, huo mguu nautembeza kwenda wapi? Hii mistari niliipanda na marehemu, mche kwa mche. Wewe una mshahara na kiti. Mimi nina hii."

Ni kweli nina kiti. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini wenye msemo huo hawakusema anayeyaonyesha anapewa nini.

"Sheria inasema neno langu liko juu ya mkanda," akasema. "Nitakataa. Utaandika nini?"

"Nitaandika utakachosema."

"Hata kama ni uongo?"

"Hata kama ni uongo. Ni mgongo wako, mdogo wangu. Mimi kazi yangu ni kukwambia."

Akalibeba tenga lake tena, taratibu, mkono mmoja umeshika kichaka. "Basi umeshaniambia," akasema, akanipa kisogo. Niliteremka peke yangu. Njia nzima nilikuwa namlaumu yeye, kisha Ushirika, kisha mimi, nikarudi kwake tena.

*

Mchana nikafunga mlango wa zahanati, nikajilaza kwenye mkeka, nikajivika mkanda. Ambakisye alikuwa kwenye kioo, kalamu sikioni.

"Mama, sikujua kama na wewe..."

"Sasa unajua. Uliza."

Kwanza akanitaka nifanye daraja kwa akili ya zamani ya mkanda, tuone. Nikapandisha kiuno. Kuna kisu kikaingia upande wa kulia, pale pale pa siku zote.

"Maumivu: sifuri," mkanda ukasema. "Hongera, Bi Atuganile."

Nilicheka, na kucheka nako kukaniuma.

Tukaanza. "Inauma?" Ambakisye akauliza.

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi, mama?"

"Wewe andika kidogo."

"Hakuna namba hiyo."

Nikafumba macho. Mtu asikudanganye kwamba kusema ukweli ni kufungua mdomo tu. Maswali thelathini ya kwanza nilikuwa naanza kwa "siyo sana", na kila mara kijana yule ananirudisha, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Inauma ngapi ukiinama? Sita. Ukigeuka kushoto? Saba. Ukiinua mkono huu na mguu ule? Nane, nane, acha, nishushe. Kufika swali la mia nikawa nalia, si kwa maumivu. Nilikuwa nawafikiria wale mia nne, nilivyowapokonya nafasi ya kusema ile "ila" yao.

Tulimaliza saa kumi na moja jioni. Nikafanya daraja la mwisho.

"Maumivu: nane," mkanda ukasema. "Tusimame hapa, Bi Atuganile. Unakubali?"

"Nakubali."

Na jibu likaenda lenyewe, wilayani, kama yanavyokwenda yote. Mtaalamu aliyepita tano haruhusiwi kuinua mgonjwa. Sikuhitaji kusubiri barua ili nijue itasema nini.

"Mama," Ambakisye akasema, "ningeweza kulichelewesha la kwako."

"Ungeweza. Usifanye hivyo."

*

Jumatano nilidhani hatakuja. Alikuja saa yake, mvua imemlowesha mabega, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Tukasalimiana. Habari za asubuhi, nzuri, za kwako, nzuri. Nikauliza kitambaa ni cha nini.

"Jana jioni nilikanyaga kaa la moto jikoni," akasema, akitazama ukuta. "Nilinusa kwanza. Nikasema nani anachoma ngozi ya mbuzi saa hizi."

Nikafungua. Sitawaeleza nilichokiona. Nilisafisha, nikapaka dawa, nikafunga upya, naye muda wote ule hakukunja hata kope, kwa kuwa hakuna alichokuwa anasikia. Nilitamani angepiga kelele.

"Si lazima uvae leo," nikamwambia.

"Leta."

Akajivika mwenyewe, akafunga kifungo mwenyewe, akajilaza. Nilijua alichokuwa anakifanya. Alituliza uso ukawa kama wa mtu aliyelala, akazuia pumzi, akafumba mdomo. Alikuwa amekuja kushindana nao. Wanawake wetu wamezaa hivyo, wamezika hivyo, na kama kuna kifaa cha kuwashinda hakijatengenezwa, ndivyo nilivyofikiri.

"Pandisha kiuno," mkanda ukasema. Akapandisha. "Moja. Mbili." Ukanyamaza. Haukufika tatu. "Bi Subilaga, shuka taratibu. Maumivu: saba. Tusimame hapa."

Hakushuka. Alibaki ameinua kiuno, mapaja yanamtetemeka, macho darini. Nilipiga magoti kando yake, na kupiga magoti kwangu si jambo dogo, nikampitishia kiganja chini ya mgongo kama zamani. Ulikuwa mgumu kama ubao wa mlango. Nikamshusha kidogo kidogo mpaka mkeka ukampokea.

"Bi Subilaga," mkanda ukasema, "saba. Unakubali?"

Akageuza uso akanitazama. Nikachukua kalamu na daftari la sheria, la wanaoukataa mkanda, ambalo kwa miaka mitatu halijaandikwa kitu. Nilikuwa nimeahidi. Dirishani mteremko wa Isyonje ulionekana wote, na nzige mmoja amesimama kwenye shamba la jirani yake.

"Sikubali," akasema.

"Haya," nikasema. Niliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, tayari kuzungusha sifuri. Sikumlaumu. Nilichoka tu, mpaka kwenye kucha. "Sema niandike."

Alipumua, pumzi ndefu, nadhani alikuwa ameibana tangu alipozikwa mumewe.

"Ni tisa, dada," akasema. "Andika tisa."